Maradhi ya ‘kana kwamba’: Sayansi yachunguza hisia ya mtu kujiona si halisi

MTU anaitazama mikono yake, anajua kabisa kuwa ni yake, lakini haihisi kuwa ni yake. Anaisikia sauti yake ikizungumza kana kwamba inatoka kinywani mwa mtu mwingine. Nyumba aliyokulia, mti ulio uani na uso wa mama yake mzazi vyote anavitambua bila kukosea, ila vinamjia kama picha iliyobandikwa ukutani, au kama vitu vilivyowekwa nyuma ya kioo kizito. Akijikata kidole anasikia maumivu, lakini maumivu yenyewe ni kama yamempata jirani.

Mtu huyo hana wazimu. Hasikii sauti zisizokuwepo, haamini kuwa kuna maadui wanaomfuatilia, na akiulizwa iwapo kweli mikono ile ni ya mtu mwingine, atajibu upesi kwamba sivyo. Anachosema ni kuwa mambo yamekuwa kana kwamba. Maneno hayo mawili ndiyo ambayo madaktari bingwa wa magonjwa ya akili huyasikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayoutenganisha ugonjwa huu na ule wa skizofrenia, ambao mgonjwa wake huamini kwa dhati yale anayoyahisi.

Katika vitabu vya tiba hali hiyo inaitwa depasonalizesheni, yaani mtu kuhisi ametengana na nafsi yake. Pacha wake ni derealizesheni, ambapo dunia inayomzunguka mtu ndiyo inayoonekana kupoteza uhalisi. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wake, kiliziweka hali hizo mbili chini ya jina moja. Orodha ya 11 ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo imeuingiza ugonjwa huo katika kundi la maradhi ya mtengano wa fahamu, tofauti na orodha iliyotangulia.

Kwa muda mfupi, hisia hizo humpata karibu kila mtu. Huja baada ya usiku wa kukesha, katika homa kali, msibani, au dakika chache baada ya ajali. Hupita zenyewe na kusahaulika. Tatizo ni pale zinapokataa kuondoka, zikadumu miezi na hata miaka, na mgonjwa akaanza kuishi maisha yake kama mtazamaji.

Jina la ugonjwa lilitokana na shajara

Daktari Maurice Krishaber, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Paris, alichapisha mwaka 1873 maelezo ya wagonjwa 38 waliokuwa na mchanganyiko wa wasiwasi, mapigo ya moyo yaliyovurugika na hisia ya kutokuwa halisi. Krishaber aliamini kuwa kasoro ilikuwa katika milango ya fahamu: macho na masikio yalileta ubongoni habari zilizopotoka, na kwa sababu hiyo dunia nzima ikaonekana ngeni. Hoja hiyo iliwavutia wanafalsafa wa Ufaransa wa wakati huo, akiwamo Hippolyte Taine, kwa kuwa ilionekana kuthibitisha kwamba nafsi ya mtu imejengwa na hisi zake.

Jina lenyewe lilikuja miaka 25 baadaye, na halikutoka hospitalini. Mwaka 1898 mwanafalsafa na mwanasaikolojia Mfaransa, Ludovic Dugas, aliandika kuhusu mtu mmoja mwenye hali hiyo, akaliazima neno kutoka katika shajara ya Henri-Frédéric Amiel, mhadhiri wa Geneva aliyefariki mwaka 1881 na kuacha maelfu ya kurasa alizojichunguza humo siku baada ya siku. Amiel alikuwa amejieleza kuwa anaitazama dunia kama mtu aliye ng’ambo ya kaburi. Dugas hakukubaliana na Krishaber. Aliona kuwa macho na masikio ya wagonjwa hao yalikuwa mazima, na kwamba kilichopungua ni ule utamu au uchungu ambao kwa kawaida huambatana na kila kitu mtu anachokiona, anachokisikia na anachokitenda.

Kwa karne nzima iliyofuata, mjadala ulizunguka hapo: je, ni hisi zilizoharibika, ni kumbukumbu, au ni hisia za moyoni zilizonyamaza? Wilhelm Mayer-Gross, daktari wa Heidelberg aliyekimbilia Uingereza mwaka 1933 baada ya utawala wa Hitler kushika hatamu, alitoa mwaka 1935 jibu lililokuwa mbele ya wakati wake. Alisema ubongo una majibu machache uliyonayo tayari tangu awali, mfano wa degedege au kuweweseka, ambayo huamshwa na visababishi vingi tofauti. Kutengana na nafsi ni mojawapo. Kwa maneno mengine, kutafuta chanzo kimoja cha hali hiyo ni kazi bure, na swali la maana ni kujua mtambo wenyewe unavyofanya kazi unapowashwa.

Mwaka 1946 daktari mwingine wa Uingereza, H. J. Shorvon, alikusanya habari za wagonjwa 66. Baada ya hapo utafiti ulipoa. Ugonjwa ulibaki kuwa aya moja au mbili katika vitabu vya wanafunzi, ukitajwa kama kivuli cha sonona au cha wasiwasi, na madaktari wengi walimaliza masomo bila kumwona mgonjwa hata mmoja waliyemtambua kuwa nao.

Ngao iliyokwama

Fununu ya kwanza juu ya faida ya hali hiyo ilitoka milimani. Mwaka 1892 mwanajiolojia wa Uswisi, Albert Heim, ambaye mwenyewe aliwahi kuanguka akipanda mlima na kunusurika, alichapisha masimulizi ya wapanda milima walioporomoka katika Alps wakabaki hai. Wengi hawakukumbuka hofu. Walikumbuka utulivu wa ajabu, mawazo yaliyokwenda kwa kasi, na muda uliovutika kama mpira.

Miaka ya 1970 Russell Noyes na Roy Kletti wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani walirudia kazi hiyo kwa watu walionusurika katika ajali na hatari nyingine za kifo. Waligundua kwamba hisia ya kujitazama kwa mbali ilikuwa ya kawaida sana katika dakika zile. Walihitimisha kuwa ni ngao: akili inaongeza umakini na wakati huohuo inazima woga, ili mtu aweze kugeuza usukani au kushika kamba badala ya kuganda.

Mwaka 1998 Mauricio Sierra na German Berrios wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliigeuza dhana hiyo kuwa nadharia inayoweza kupimwa maabara. Walidai kwamba katika ugonjwa huu sehemu ya mbele ya ubongo, yenye kazi ya kupima na kutawala, huibana amigdala, kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo kinachovipa vitu uzito wa hisia. Hapohapo, sehemu nyingine ya mbele huendelea kuwa macho kupita kiasi. Matokeo yake ni mtu aliye mwangalifu sana asiyeguswa na chochote. Kwa wenye afya ngao hiyo hushuka hatari inapopita. Kwa wagonjwa imekwama juu.

Mwaka huohuo kilianzishwa jijini London, katika Taasisi ya Magonjwa ya Akili, kitengo cha kuchunguza ugonjwa huu kikiongozwa na Profesa Anthony David, na Sierra akajiunga nacho. Upande wa pili wa Atlantiki, Daktari Daphne Simeon wa hospitali ya Mount Sinai, New York, alikuwa akifanya kazi kama hiyo. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo imetoka katika vituo hivyo viwili na katika kile cha Mainz, Ujerumani, kilichofuata baadaye. Wagonjwa waliopimwa katika majaribio mengi ni wachache, mara nyingine hawafiki kumi, na msomaji anapaswa kuyapokea matokeo yafuatayo akilijua hilo.

Jaribio linaloeleweka kwa urahisi zaidi ni la ngozi. Mtu anapoona jambo la kutisha, vinyweleo hutoa jasho kidogo hata kama yeye mwenyewe halihisi, na ngozi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Mabadiliko hayo hupimwa kwa nyaya mbili zilizofungwa vidoleni, na hakuna awezaye kuyaigiza kwa urahisi. Mwaka 2002 Sierra na wenzake waliwaonyesha picha za kuchukiza wagonjwa 15 wa kutengana na nafsi, watu 15 wenye afya, na wagonjwa 11 wa wasiwasi. Ngozi za wagonjwa wa kundi la kwanza zilichelewa kuitikia, na zilipoitikia, ziliitikia kwa unyonge.

Hapo mtu angeweza kusema kuwa miili yao imelala tu. Lakini watafiti walifanya jambo la pili: walipiga kofi ghafla, au wakashusha pumzi kwa nguvu karibu na mgonjwa. Safari hii ngozi zao ziliruka upesi kuliko za watu wenye afya. Basi mwili haukuwa umelala. Ulikuwa macho, tena macho kweli kweli, ila ulikuwa ukichuja: kelele isiyo na maana iliruhusiwa kupita, na jambo lenye uzito wa hisia likazuiwa mlangoni. Kwa mgonjwa aliyekuwa akiambiwa na ndugu na madaktari kuwa anajifanya, huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba anachokisema kinaonekana pia katika vidole vyake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mary Phillips na wenzake walikuwa wametumia mashine ya MRI kutazama mtiririko wa damu katika ubongo wa wagonjwa sita waliokuwa wakionyeshwa picha za kuchukiza. Insula, sehemu ambayo kwa kawaida huwaka mtu anapohisi kinyaa, ilinyamaza. Sehemu ya mbele upande wa kulia, ile ya kutawala hisia, ndiyo iliyofanya kazi. Picha hiyo ililingana vyema na nadharia ya 1998. Baadaye kikundi hicho cha London kiliripoti kuwa kwa wagonjwa waliopata nafuu, insula ilianza kuamka tena.

Simeon, kwa upande wake, aliona jambo ambalo halikuingia katika nadharia hiyo kwa urahisi. Mwaka 2000 aliwapima wagonjwa wanane kwa mashine ya PET inayoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari, akawalinganisha na watu 24 wenye afya. Tofauti aliyoikuta haikuwa mbele bali nyuma, katika maeneo yanayounganisha habari za macho, masikio na viungo ili mtu apate picha moja ya mwili wake. Kadiri sehemu moja ya eneo la juu nyuma ya utosi ilivyofanya kazi kupita kawaida, ndivyo mgonjwa alivyozidi kulalamika kuwa hajihisi.

Je, ni hisia zilizozimwa au ni ramani ya mwili iliyovurugika? Pengine ni vyote viwili, na pengine Krishaber wa 1873 hakukosea kabisa.

Moyo unasikika, lakini ni wa nani?

Watafiti wa Mainz, wakiongozwa na Matthias Michal, walilikabili swali hilo kwa njia nyingine. Ikiwa mgonjwa anasema hauhisi mwili wake, basi bila shaka atashindwa kuyahisi mapigo ya moyo wake mwenyewe. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya wagonjwa 24 walioombwa kuyahesabu mapigo yao bila kushika mshipa, huku mashine ikiyahesabu pembeni. Ilitarajiwa kuwa watakosea.

Hawakukosea. Walihesabu kwa usahihi uleule wa watu wenye afya. Habari za mwili, kwa hiyo, zinafika ubongoni na mgonjwa akiulizwa anaweza kuzitoa. Kilichopotea ni kuzipokea kama mali yake. Hilo linafafanua kwa nini vipimo vya kawaida vya hospitali, vya macho, masikio, damu na hata picha ya ubongo, hurudi vikiwa safi na mgonjwa akarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu.

Ushahidi wa moja kwa moja zaidi umetoka kwa wagonjwa wa kifafa wanaofanyiwa upasuaji. Katikati ya karne iliyopita Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, Canada, alikuwa akigusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo ili ajue sehemu za kuepuka kukata. Alipogusa pembeni, juu ya sikio, baadhi yao walisema ghafla kwamba mambo yamekuwa mageni au kwamba wao wenyewe wako mbali. Mwaka 2002 kikundi cha Olaf Blanke huko Uswisi kiliripoti kuwa mwanamke mmoja, ubongo wake ulipoguswa mahali fulani nyuma upande wa kulia, alijiona akiwa juu karibu na dari akiutazama mwili wake kitandani. Ni mahali palepale ambapo Simeon alikuwa amepata kasoro katika baadhi ya vipimo vyake.

Mwaka 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameupata hata mdundo wa hali hiyo. Panya waliopewa ketamini, dawa ya usingizi inayojulikana kwa kumfanya mtu ajihisi ametoka nje ya mwili wake, walionyesha katika safu moja ya seli za nyuma ya ubongo mpigo wa taratibu, kati ya mara moja na tatu kwa sekunde. Panya hao walipokanyaga sahani ya moto waliinua mguu kama kawaida, lakini hawakuulamba kama panya wengine wanavyofanya wakiumia. Joto walilihisi, hawakulijali. Mpigo huo ulipozalishwa kwa mwanga bila dawa yoyote, panya walitenda vivyo hivyo.

Stanford walibahatika kuwa na mgonjwa mmoja wa kifafa ambaye kila alipokaribia kushikwa alijihisi ametengana na nafsi yake. Nyaya zilizokuwa zimewekwa kichwani mwake kwa ajili ya matibabu zilionyesha mpigo kama ule, takriban mara tatu kwa sekunde, katika eneo linalolingana na lile la panya. Umeme ulipopitishwa hapo, hisia ikarudi. Mtu mmoja si wengi, na kifafa si ugonjwa huu. Lakini kwa mara ya kwanza hali ambayo Amiel aliiandika kwa wino imeweza kuwashwa na kuzimwa kwa swichi.

Wagonjwa wasioonekana

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 na Elaine Hunter, Sierra na David yalionyesha kuwa kati ya asilimia 26 na 74 ya watu wa kawaida wamewahi kupitia hali hii kwa muda, kutegemea nani aliulizwa na vipi. Wenye ugonjwa wenyewe walikuwa kati ya asilimia 1.2 na 1.7 katika tafiti za Uingereza, na asilimia 2.4 katika utafiti mmoja wa Canada. Hivyo si ugonjwa adimu. Kwa makadirio ya chini, haupitwi mbali na skizofrenia, ambayo kila mtu amewahi kuisikia.

Sasa linganisha na kilichokutwa Ujerumani. Michal na wenzake walipekua kumbukumbu za kampuni ya bima ya afya yenye wanachama zaidi ya milioni moja na nusu, wakatafuta ni wangapi waliandikiwa ugonjwa huu na daktari katika mwaka 2006. Walikuwa asilimia 0.007. Yaani katika kila watu 100,000 walipatikana saba, mahali ambapo tafiti za majumbani zingetabiri karibu 1,000.

Waliobaki hawakupotea. Waliandikiwa sonona, wasiwasi, au uchovu. Wengine walipewa dawa za skizofrenia, ambazo kwa ugonjwa huu hazijaonyesha faida na huweza kuuongeza ule ubaridi wa hisia wanaoulalamikia. Wengi hawakwenda popote, kwa kuwa hawakupata maneno ya kueleza, na waliogopa kwamba wakieleza watafungiwa. Wataalamu wa Uingereza wamekadiria kuwa mgonjwa huweza kukaa kati ya miaka saba na 12 kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wake.

Kwa kawaida ugonjwa huanza ujanani. Katika wagonjwa 117 wa Simeon, waliochapishwa mwaka 2003, wastani wa umri wa kuanza ulikuwa miaka 16. Katika 204 wa London, mwaka huohuo, ulikuwa karibu 23. Wanaume na wanawake hushikwa kwa idadi zinazokaribiana. Kwa baadhi hujijenga polepole, na kwa wengine huja kwa siku moja inayokumbukwa: shambulio la hofu kali, kipindi cha sonona, msongo mzito, au bangi. Hili la bangi linastahili kusisitizwa, kwa sababu kijana huvuta mara moja, anapatwa na hofu, dawa inamtoka mwilini baada ya saa chache, lakini kioo kile hakiondoki. Anaamini ameharibu ubongo wake. Hakuna kipimo kilichoonyesha uharibifu wa namna hiyo; inaonekana bangi ilibonyeza tu swichi iliyokuwepo.

Simeon alipochunguza utoto wa wagonjwa wake aligundua mwaka 2001 kuwa jambo lililowatofautisha zaidi na wengine lilikuwa kudhalilishwa kwa maneno na kunyimwa upendo, kuliko kupigwa au kuingiliwa kimwili. Haina maana kuwa kila mgonjwa alitendewa hivyo.

Tiba: majibu machache, si sifuri

Hadi sasa mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote mahususi kwa ugonjwa huu. Fluoxetini, inayotumika sana kutibu sonona, ilijaribiwa na kikundi cha Simeon kwa wagonjwa takriban 50, nusu wakipewa vidonge bandia. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa haikuondoa hisia ya kutengana na nafsi, ingawa baadhi ya wagonjwa walisema hawasumbuliwi nayo kama awali.

Lamotrigini, dawa ya kifafa, ina historia yenye mkanganyiko. Mwaka 2003 ilijaribiwa London kwa wagonjwa tisa ikiwa peke yake, na haikumsaidia hata mmoja. Mwaka 2006 ilitolewa pamoja na dawa za sonona kwa wagonjwa 32, na zaidi ya nusu walipata nafuu ya angalau asilimia 30. Jaribio hilo la pili halikuwa na kundi la vidonge bandia, kwa hiyo haliwezi kufunga mjadala. Huko New York, Antonio Mantovani na wenzake walitumia sumaku inayowekwa nje ya kichwa kutuliza eneo la nyuma upande wa kulia. Mwaka 2011 waliripoti kuwa katika wagonjwa 12, sita walipata nafuu baada ya wiki tatu.

Tiba ya mazungumzo ndiyo inayotokana na uelewa ulio wazi zaidi. Hunter na wenzake walieleza mwaka 2003 jinsi hali ya muda mfupi inavyogeuka kuwa ugonjwa. Mtu anapatwa na hisia ile, anaitafsiri kuwa ni mwanzo wa kichaa au uvimbe kichwani, anaogopa, na woga huo ndio hasa unaoiwasha ngao. Kisha anaanza kujikagua: kila asubuhi akiamka anaitazama mikono yake aone kama imerudi kuwa yake. Kadiri anavyokagua, ndivyo anavyojiona wa ajabu, kwani hata mtu mwenye afya akiutazama uso wake kwenye kioo kwa dakika kumi mfululizo ataanza kuuona mgeni. Tiba humsaidia kuandika saa ambazo hali huzidi au kupungua, kuacha kujikagua, na kurudi katika shughuli na watu aliowakimbia. Katika wagonjwa 21 waliotibiwa hivyo London, matokeo ya 2005 yalionyesha kuwa asilimia 29 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa mwishoni. Si wengi, lakini baadhi yao walikuwa wameugua kwa miaka.

Kabla ya yote hayo daktari hana budi kuondoa magonjwa mengine. Hisia inayokuja kwa sekunde chache au dakika moja mbili, kila mara kwa mtindo uleule, ikiambatana na harufu isiyokuwepo au kupotewa na fahamu, huelekeza kwenye kifafa. Ikianza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 40, ubongo unahitaji kuchunguzwa. Kipandauso na dawa za kulevya huulizwa pia.

Halafu kuna suala la lugha. Hojaji inayotumika zaidi duniani ni ile ya Cambridge ya mwaka 2000, yenye maswali 29. Mwaka 2007 Sierra na wenzake walilinganisha tafiti za mashambulio ya hofu kutoka nchi mbalimbali na kuona kuwa hisia ya kutokuwa halisi huripotiwa zaidi katika jamii zinazomtukuza mtu mmoja mmoja kuliko zile zinazoishi kwa ujamaa wa ukoo. Huenda ni tofauti ya kweli ya ubongo na malezi. Huenda pia ni tofauti ya maswali yaliyoulizwa, na uwezekano huu wa pili hauwezi kupuuzwa na anayezungumza Kiswahili, lugha ambayo neno moja la Kiingereza kwa ‘mimi wa ndani’ linagawanyika kuwa nafsi, roho, moyo na utu, kila moja likiwa na kazi yake.

Mgonjwa akiulizwa kama nafsi yake imemtoka anaweza kudhani anaulizwa kama amekufa, na kuhusu roho akafikiria dini. Akiulizwa kama moyo umekufa ganzi, kama chakula kina ladha lakini hakimpendezi, kama anamkumbatia mtoto wake akijua anampenda bila kulihisi pendo lenyewe, anaweza kujibu mara moja.